Pima matamshi yako kwa neno moja moja
Unapotumia programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi ili kunoa matamshi yako ya Kiingereza, usiisomee sentensi nzima, kwa kuwa hukisia neno kutokana na maneno jirani na huweza kuandika sawasawa hata pale ulimi ulipoteleza. Tamka neno moja moja, hasa jozi kama ship na sheep, ambazo hutusumbua sana kwa sababu Kiswahili kina irabu tano tu na i yetu hulazimika kubeba sauti zote mbili. Simu ikiandika sheep ilhali ulikusudia ship, fupisha irabu, legeza midomo, kisha rudia. Jirekodi pia, ujilinganishe na sauti ya kamusi ya mtandaoni, maana programu hiyo haikuelezi ulimi ulipaswa kukaa wapi.