Goti la upande wa kamera ndilo liguse chini
Ukitaka kumvisha mpenzi wako pete ya uchumba kwa kushtukiza mjini, ubavu wako uelekee kamera na goti lililo upande wa kamera ndilo liguse chini. Kifua kitafunguka na uso utaonekana. Kiboksi kishike kwa mkono wa mbali, la sivyo mkono utamziba. Kesho ikiwa ndiyo siku, nenda leo saa ileile, mtumie mpiga picha alama ya chini ya mahali utakapopiga goti, hata ufa wa sakafu. Yeye akae mita 15 hivi na lenzi ya kuvuta ya milimita 70–200, kasi ya kupiga sekunde 1/500, picha za mfululizo. Usiinuke upesi (wengi huharibu hapo). Penye msongamano umbali huo haufai: wapita njia watakatiza katikati. Hapo asogee mita 4 na lenzi ya milimita 35, akijifanya anapiga majengo.