Pancha ya tyubula na kirefusho cha valvu: maandalizi ya baiskeli ya triathloni

Tyubula ni tairi lililoshonwa likaifunika tyubu yake pande zote, kisha likagandishwa kwenye rimu kwa gundi. Likitoboka katikati ya mashindano, hakuna kuchomoa tyubu wala kubandika kiraka. Unabandua tairi zima unavalisha jingine. Mwanariadha mmoja niliyemwandalia magurudumu alibeba tairi la akiba zuri, jipya, na katriji mbili za gesi, vile vichupa vya kujazia upepo. Alipolivalisha, valvu ikazama ndani ya rimu yenye kina cha milimita 80 na gesi haikuwa na pa kuingilia. Nilifunga virefusho, vijibomba vya kurefusha valvu itokeze nje ya rimu, kwenye matairi mawili ya baiskeli, la tatu nikalisahau. Tangu siku hiyo naanza na la akiba.

Hatua ya 1: Chagua kirefusho

Viko vya aina mbili. Kimoja hukaa juu ya valvu huku kiini chake, kile kipande cha ndani kinachofungua na kuzuia upepo, kikiwa bado ndani, na kile kinati kidogo cha presta (valvu nyembamba ya baiskeli za mashindano) lazima kiachwe wazi. Kinati kikijifunga kwa mtikisiko wa barabara, huwezi kukifikia tena. Aina ya pili unatoa kiini, unafunga kirefusho mahali pake, kisha unakirudisha kiini kwenye ncha ya juu. Tumia hii ya pili. Kabla ya kununua tairi, tazama kichwa cha valvu: kiini kinachofunguka kina pande mbili zilizobapa za kushikia spana.

Hatua ya 2: Funga na upime

Toa kiini. Zungushia nyuzi za chini za kirefusho utepe mweupe wa mafundi bomba, mizunguko miwili au mitatu, ukifuata upande wa kukazia; ukizungusha kinyume, utajikunja unapokaza. Usiuache uchungulie kwenye tundu la upepo. Kaza kwa spana ndogo, kwa kiasi, maana nyuzi hizi zikiliwa tairi limekwisha. Rudisha kiini nacho ukikaze vizuri.

Sasa jaza upepo kidogo, uzamishe valvu kwenye karai la maji. Tulia utazame pale kirefusho kinapoungana na valvu. Kama gurudumu limeshafungwa, paka mate kwenye ncha ya valvu kama wafanyavyo mafundi wa pancha mtaani. Povu likivimba, hata dogo kama kichwa cha pini na polepole kiasi gani, fungua uanze upya. Uvujaji huo ndio unaokukutanisha na tairi bapa alfajiri ya mashindano.

Gurudumu la nyuma likiwa diski, yaani limefunikwa lote badala ya kuwa na spoki, kichwa cha pampu hakiingii kwenye kile kidirisha cha valvu. Utahitaji kiungo cha kona, na ukibebe njiani pia.

Hatua ya 3: Gundi

Paka tabaka nyembamba kwenye rimu na kwenye tairi, uache zikauke, kisha tabaka ya mwisho na kuvalisha. Lipe saa 24 kabla ya kuliendesha. Mwaka 2005 kwenye mashindano ya dunia ya triathloni ya Ironman, mjini Kona, Hawaii, Mjerumani Normann Stadler, bingwa wa mwaka uliotangulia, alipata pancha akashindwa kubandua tairi kwa wingi wa gundi, mbio zake zikaishia hapo. Wanatriathloni wengi huacha sentimita chache bila gundi upande unaotazamana na valvu, wapate pa kuingiza kidole. Kwenye njia tambarare nakubaliana nao. Kwenye miteremko yenye kona kali, paka kote.

Tairi la akiba lipakwe gundi mapema, likaushwe, likunjwe uso wa gundi kwa ndani, lifungwe chini ya tandiko.

Hatua ya 4: Barabarani

Anza na dawa ya kuziba pancha. Zungusha gurudumu hadi tundu liwe chini, ingiza dawa, jaza upepo. Kitobo cha mwiba au cha kipande cha chupa mara nyingi huziba.

Tairi likiwa limechanika, usipoteze muda. Toa upepo wote, anzia upande wa pili wa valvu, sukuma kwa vidole gumba hadi upate mwanya, ingiza kibanduo cha plastiki, vuta. La akiba liingie kwa valvu kwanza: simamisha gurudumu, valvu juu, ukilivuta tairi kwa mikono miwili kushuka chini pande zote. Tia upepo kidogo, angalia kama limekaa sawa, ndipo umalizie gesi. Katriji ya gramu 16 inatosha tairi la milimita 25.

Gundi kavu haijashika kama ile ya nyumbani, kwa hiyo kona zote zilizobaki uzikate polepole.

Ukifika nyumbani, toa ile gesi ujaze upepo wa kawaida, kwani kabonidioksidi hupenya mpira haraka na tairi hulegea usiku mmoja tu. Halafu libandue, ulipake gundi upya.