Jinsi ya kumpata mshauri elekezi wa ufadhili na ubia kwa chombo cha asasi za kiraia kilichoundwa na serikali

Kabla hujaandika tangazo la zabuni, kamuulize mwanasheria wenu swali moja: mfadhili akikubali kesho asubuhi, nani atasaini mkataba wa ruzuku, na fedha zitaingia akaunti ya nani? Vyombo vingi vya asasi za kiraia vilivyoundwa na serikali havina hadhi ya kisheria inayojitegemea. Ni viungo vya taasisi mama, yaani ile iliyoviunda. Baraza la Uchumi, Jamii na Utamaduni la Umoja wa Afrika, ECOSOCC, ni mfano mzuri: linatajwa katika Sheria ya Uanzishwaji wa Umoja, kanuni zake zilipitishwa mwaka 2004, wajumbe wake ni asasi za kiraia, na sekretarieti yake iko Lusaka, lakini ni kiungo cha Umoja wa Afrika, si shirika lililojisajili lenyewe. Katika mpangilio wa namna hiyo mkataba wa ruzuku hauishii mezani kwa katibu wa chombo. Unapita kwa wanasheria, kwa watu wa fedha na kwa kitengo cha ubia cha taasisi mama, na kila dawati lina foleni yake. Mshauri asiyejua hili ataahidi kuwasilisha andiko la kuomba fedha ndani ya wiki tatu, na siku ya mwisho ya maombi itafika huku barua ya idhini bado inazunguka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika kurasa mbili za ndani, zisizo za tangazo, zenye majibu manne: nani anaidhinisha mawasiliano na wafadhili, nani anasaini, ni wafadhili gani hamruhusiwi kupokea kwao, na kuna madirisha gani ya fedha, yaani nafasi za kuomba ruzuku, ambayo kitengo cha ubia cha taasisi mama tayari kinayafuatilia. Jibu la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Ukituma andiko kwa mfadhili ambaye taasisi mama ilimwomba mwezi uliopita, mfadhili atapiga simu juu, si kwako, na hapo mazungumzo yote yanaweza kufungwa.

Kisha jiulizeni kama mnahitaji mshauri kweli. Mshauri anafaa pale ambapo kazi ina mwanzo na mwisho: mkakati wa miaka mitatu, ramani ya wafadhili, maandiko mawili au matatu, na kumfundisha mtu wenu. Kama mnachotaka ni mtu wa kuwaandikia wafadhili barua pepe kila siku na kuandaa ripoti za robo mwaka, hiyo ni nafasi ya ajira. Mshauri hawezi kuwa uso wa chombo. Mfadhili anataka kuongea na mwenyekiti au katibu. Akiona kila mara anajibiwa na mtu wa nje, anahitimisha kwamba ndani hakuna mtu.

Hadidu za rejea

Hii ndiyo hati inayosema mshauri atafanya nini, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu ya kitenzi kimoja. Soma sentensi hii: "Mshauri atahamasisha rasilimali kwa ajili ya programu za chombo." Hakuna anayeweza kupima hilo. Linganisha na hii: "Mshauri atawasilisha orodha ya wafadhili 25 waliochujwa, kila mmoja akiwa na kiwango cha ruzuku anachotoa, tarehe za maombi, masharti ya nani anastahili kuomba, jina la dawati husika, na maelezo ya mistari mitano kwa nini chombo chetu kinamfaa." Ya pili inahesabika, na mshauri akileta majina 25 aliyoyachota kwenye tovuti utaona mara moja, kwa sababu mistari mitano itakuwa mitupu.

Kwa kazi ya miezi sita, siku-kazi 60 zinatosha kama sekretarieti ina mtu mmoja wa kushirikiana naye. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: siku 10 za kusoma nyaraka na kuhoji wajumbe, wakuu wa vitengo na wafadhili wa zamani, siku 10 za ramani ya wafadhili, 12 za mkakati pamoja na masahihisho yake, 12 za madokezo matatu, yaani maandiko mafupi ya miradi ya kumpelekea mfadhili, 8 za maandalizi ya mikutano na kuhudhuria, 8 za mafunzo na makabidhiano. Ukiona mtu amependekeza siku 3 za mkakati, jua anao tayari, wa shirika jingine.

Wafadhili wa zamani msiwaruke. Ruzuku iliyokwisha bila kuongezwa ina sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo kwenye barua ya mwisho ya mfadhili: ripoti zilichelewa, fedha hazikutumika zote, au ukaguzi uliacha hoja ambazo hazijajibiwa. Mshauri apewe barua hizo siku ya kwanza. Sekretarieti nyingi huzificha kwa aibu, halafu mshauri anakwenda kwa mfadhili yule yule na kuulizwa habari asizozijua.

Suala la asilimia

Lazima atatokea mtu wa kusema: msinilipe sasa, nipeni asilimia 10 ya nitakachopata. Masikioni ni tamu, kwa sababu bajeti ni ndogo. Kataeni. Chama cha Wataalamu wa Uchangishaji Fedha, AFP, kinawakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia ya michango, na sababu zake ni za kazi kabisa. Kwanza, fedha ya mfadhili imepangwa kwa shughuli. Kamisheni kwa kawaida si gharama inayokubalika, hivyo mtailipa kwa fedha gani? Pili, mlipwa asilimia hukimbilia ruzuku yoyote, hata ile inayowavuta nje ya majukumu yenu. Tatu, uamuzi wa mfadhili mkubwa huja miezi mingi baada ya andiko, pengine mkataba wa mshauri ukiwa umekwisha, na hapo ndipo ugomvi wa nani alileta nini unapoanza.

Mlipe kwa kazi iliyokubaliwa. Asilimia 15 akiwasilisha ripoti ya kuanza, 25 akileta ramani na rasimu ya mkakati, 25 mkakati ukipitishwa, 20 maandiko yakikamilika, na 15 baada ya makabidhiano. Hiyo 15 ya mwisho isipungue, kwa sababu bila hiyo makabidhiano huwa barua pepe moja yenye viambatisho. Kipengele cha "mkakati ukipitishwa" nacho kiwekewe kikomo: kama baraza halijatoa maoni ndani ya siku 30, mshauri alipwe. Si haki kumnyima mtu ujira kwa sababu kikao kimeahirishwa mara mbili.

Kuchuja waombaji

Ombeni pendekezo la kitaalamu na pendekezo la fedha katika mafaili mawili tofauti, na la fedha lisifunguliwe kabla alama za kitaalamu hazijasainiwa na wajumbe wote wa kamati. Wekeni alama ya chini ya kufaulu, 70 kwa 100 inatosha. Uzito baina ya ubora na bei ndio unaoamua mshindi, kwa hiyo utangazwe mapema na usibadilishwe. Tazama mfano. Mwombaji wa kwanza ana alama 88 za kitaalamu na bei ya 30,000. Wa pili ana 74 na bei ya 21,000. Alama za bei hupatikana kwa kugawa bei ya chini kwa bei ya mwombaji, kisha kuzidisha kwa uzito wa bei. Ukitumia 80 kwa 20, yaani asilimia 80 kwa ubora na 20 kwa bei, wa kwanza anapata 70.4 na 14, jumla 84.4, wa pili 59.2 na 20, jumla 79.2. Ukitumia 60 kwa 40, wa kwanza anashuka hadi 80.8 na wa pili anapanda hadi 84.4. Watu ni wale wale. Kwa kazi ya akili kama hii, 80 kwa 20 ni salama. 60 kwa 40 iacheni kwa ununuzi wa viti.

Wasifu uliojaa mamilioni usikutishe. Mtu anaandika "nilisaidia kupata milioni tano" ilhali alikuwa mmoja wa watu kumi na wawili walioandika, na yeye alisahihisha bajeti. Wadhamini aliowataja kwenye wasifu waulizwe maswali matatu tu: sehemu gani ya andiko aliandika kwa mkono wake, mfadhili aliendelea kutoa baada ya yeye kuondoka au la, na ni kitu gani alichelewesha. La tatu ndilo linalofungua midomo.

Kwenye usaili mpe jaribio la saa mbili: kurasa tatu za mpango mkakati wenu, na aandike dokezo la ukurasa mmoja kwa mfadhili mmoja mliyemtaja. Kisha muulize habari ya gharama za uendeshaji. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida hukubali gharama zisizo za moja kwa moja hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za 500,000 unakupa 35,000. Kama gharama halisi za sekretarieti kuubeba mradi huo ni 75,000, mna pengo la 40,000 ambalo mtalijaza wenyewe, na ruzuku iliyoshangiliwa inakula bajeti ya nchi wanachama. Mshauri mzuri ataingiza mhasibu na afisa ununuzi wa mradi kwenye gharama za moja kwa moja pale masharti yanaporuhusu. Asiyejua ataguna tu.

Mkiajiri kampuni badala ya mtu binafsi, jihadharini na kubadilishiwa mtu. Wasifu wa kwenye zabuni ni wa mkongwe; anayekuja kikaoni ni kijana wa mwaka wa kwanza. Mkataba umtaje mtu kwa jina, na useme hawezi kubadilishwa bila ridhaa ya maandishi.

Vifungu vya mkataba msivyopaswa kuvisahau

Kazi yote, pamoja na mafaili ya bajeti yanayoharirika, ni mali ya chombo. Mshauri atangaze wateja wake wote wa sasa, na asiwaandikie wengine kwa dirisha lile lile la fedha katika kipindi cha mkataba. Asiongee na mfadhili yeyote kwa jina la chombo bila idhini, na barua pepe zipite anwani ya chombo, si yake binafsi. Kodi, bima na viza ni juu yake: kinga na msamaha wa kodi wa taasisi za kiserikali za kimataifa haumfuniki mshauri kwa sababu tu amesaini mkataba nayo, na wengi hugundua hilo wakati wa kulipwa. Nauli na posho za safari zitenganishwe na ada, zilipwe kwa viwango vya taasisi.

Kazi ikianza

Wiki mbili za mwanzo mshauri awasikilize wajumbe, maana wana hofu halali. Asasi mwanachama inaomba kwa wafadhili wale wale mnaotaka kuwaomba. Chombo kikubwa chenye nembo ya serikali kikigonga mlango huo huo, asasi ndogo inasukumwa pembeni. Kanuni za ECOSOCC zinataka asasi mwanachama ipate angalau asilimia 50 ya rasilimali zake za msingi kutoka kwa wanachama wake. Ukidai hivyo kwa wengine huku sekretarieti inategemea mfadhili mmoja, utaulizwa kikaoni. Mkakati useme wazi ni wafadhili gani chombo kitawaacha kwa ajili ya wanachama, na ni ruzuku zipi kitaomba pamoja nao, sehemu yao ikiwa imeandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo.

Usiweke pia mayai yote kwa serikali za nje. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisitisha shughuli zake Julai 2025, na waliokuwa na mfadhili mmoja walijikuta bila mishahara. Ramani ichanganye nchi wanachama, taasisi za hisani, benki za maendeleo na michango isiyo ya fedha, kama ukumbi, wakalimani au mtaalamu wa kuazimwa. Kwa ubia wa namna hii hati ya makubaliano inatosha, lakini iwe na tarehe ya mwisho na mtu wa kuwasiliana naye kila upande. Hati nyingi hufa kwa sababu aliyesaini kahama.

Wiki ya mwisho afisa wenu aandike dokezo peke yake, mshauri akisahihisha tu. Kisha yakabidhiwe: kalenda ya tarehe za maombi kwa miezi 12 ijayo, kumbukumbu ya kila mazungumzo na nani aliahidi nini, maandiko yaliyokataliwa pamoja na maoni ya mfadhili, na nywila za kila mfumo wa maombi uliofunguliwa. Afisa aingie kwenye kila mfumo mshauri akiwa bado chumbani, abadilishe nywila, na baada ya hapo ndipo hati ya malipo ya mwisho isainiwe.