Kutuma amri kwa mashine ya Linux ukiwa ndani ya LabVIEW

Tuseme Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya Linux) imefungwa ndani ya kisanduku pale Dunga, kando ya ziwa, inapima joto la maji ya ziwa kwa kihisi cha DS18B20. Wewe uko mjini Kisumu, mbele ya kompyuta ya Windows, LabVIEW (programu ya kupima na kudhibiti vifaa kwa kuchora) imefunguliwa, na unataka ile nambari ya joto itokee kwenye mchoro wako. Huhitaji kununua nyongeza yoyote. Windows 10 imekuja na OpenSSH, programu ya SSH (njia salama ya kuingia na kutuma amri kwenye mashine ya mbali), tangu toleo la 1803, na LabVIEW ina System Exec.vi ya kuendesha amri za Windows, ambayo utaipata chini ya Connectivity, kisha Libraries & Executables.

Shida ni kwamba SSH imezoea kuongea na mtu. Huuliza kama unaiamini mashine ya upande wa pili, huuliza neno la siri, husubiri uandike kitu. Ndani ya System Exec hakuna mtu wa kujibu, na swali likikosa jibu programu yako inaganda bila kukwambia sababu. Karibu kila hatua inayofuata ni ya kuyamaliza maswali hayo mapema.

Anza kabla ya kuipeleka Dunga, Pi ikiwa bado mezani, kwenye mtandao mmoja na kompyuta yako. Fungua cmd (si PowerShell, kwa kuwa %USERPROFILE% haisomeki huko) uandike hivi, ili utengeneze ufunguo wa kuingilia badala ya neno la siri:

ssh-keygen -t ed25519

Ikiuliza neno la kulinda ufunguo, liache tupu. LabVIEW haitaweza kuliandika. Kwa sababu hiyo ufunguo huo usitoke kwenye kompyuta hiyo, na upande wa Pi uingie kwa akaunti ndogo, si root (akaunti yenye ruhusa zote). Hapa akaunti hiyo tumeiita pima. Windows haina ssh-copy-id, kwa hiyo peleka ufunguo wa umma hivi, yote kwa mstari mmoja (hapa 192.168.1.40 ni mfano wa anwani ya Pi):

type %USERPROFILE%\.ssh\id_ed25519.pub | ssh pima@192.168.1.40 "mkdir -p ~/.ssh && chmod 700 ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys && chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys"

Usiziruke chmod. Folda hiyo ikiwa wazi kwa wengine kuandika, seva ya SSH inaukataa ufunguo kimyakimya na kurudi kuuliza neno la siri.

Pi ikishafika Dunga itatumia laini ya simu, na laini hizo kwa kawaida haziipi mashine anwani ya umma. Huwezi kuipigia, lazima yenyewe ipige kwenda nje. WireGuard (programu ya mtandao binafsi, VPN) kuelekea seva yenye anwani ya umma inatosha: weka PersistentKeepalive = 25 upande wa Pi, unganisha na kompyuta yako kwenye seva hiyo hiyo, na Pi itabaki na anwani moja, tuseme 10.8.0.5. Ingia mara moja kwa mkono ukitumia anwani hiyo mpya, ujibu yes, ili mashine iandikwe kwenye known_hosts, faili la mashine ambazo SSH inaziamini. Uingie ukitumia akaunti ile ile ya Windows itakayoendesha LabVIEW, maana kila akaunti ina known_hosts yake.

Sasa mchoro. Kwenye ingizo la command line unganisha maandishi haya, nayo kwa mstari mmoja:

C:\Windows\Sysnative\OpenSSH\ssh.exe -n -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=10 -o ServerAliveInterval=5 -o ServerAliveCountMax=3 pima@10.8.0.5 "cat /sys/bus/w1/devices/28-*/temperature"

Hiyo Sysnative ni ya LabVIEW ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64. OpenSSH iko System32, lakini programu ya biti 32 ikiomba System32 Windows huipeleka SysWOW64, ambako ssh.exe haipo. Utaona kosa namba 2, ambalo maelezo yake huweza kuzungumzia kumbukumbu kujaa, ukaanza kutafuta mahali pasipo na tatizo. LabVIEW ya biti 64 andika System32 kama kawaida.

-n inaifungia SSH mlango wa kusoma maandishi. BatchMode=yes inaiambia ishindwe mara moja badala ya kuuliza. Zile mbili za ServerAlive zinakata muunganisho baada ya sekunde 15 hivi za kimya, na hapa ndipo usalama wako ulipo mtandao wa simu ukidondoka katikati ya amri. Alama za kunukuu za nje (") ni za Windows. Ukihitaji nyingine ndani, tumia moja moja (') kwa ajili ya Linux.

Kabla ya kusoma standard output (maandishi yaliyotolewa na amri), soma return code (nambari inayoonyesha amri imeishaje). 0 ni salama. 255 ni SSH yenyewe imeshindwa: mtandao, ufunguo au anwani. 127 ni amri haikupatikana, na mara nyingi ni kwa sababu ulipoingia kwa mkono faili ya mipangilio .bashrc iliongeza njia kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Linux hutafuta programu), ilhali kwenye Debian na Ubuntu faili hiyo husimama mapema kama hakuna mtu kwenye terminali. Andika njia kamili ya programu. Nambari nyingine zinatoka kwa amri yenyewe, na si zote ni kosa: grep hurudisha 1 isipopata kitu.

Ukipokea 24875, maana yake ni nyuzi 24.875. Pitisha kwanza kwenye Trim Whitespace, kwa kuwa maandishi yanaishia na mstari mpya, kisha gawanya kwa 1000. Ukipata 85000 itupe. Hiyo ni thamani ambayo DS18B20 huwa nayo inapowashwa kabla haijapima, na ikijirudia kagua umeme na nyaya za kihisi.

Kwa amri inayohitaji root, mfano kuanzisha upya huduma, ongeza mstari mmoja kwa visudo, amri ya Pi ya kuhariri nani anaruhusiwa kutumia sudo (kuendesha amri kama root):

pima ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart pima-maji.service

Kisha ita sudo -n na amri hiyo hiyo, neno kwa neno. Usimpe pima NOPASSWD: ALL. Atakayeiiba kompyuta yako atakuwa ameiiba na Pi.

Kazi ndefu usiisubiri. Lakini kuweka & peke yake hakutoshi, maana SSH hubaki imeshikilia mkondo wa matokeo hadi kazi iishe. Elekeza mikondo yote mitatu:

nohup /home/pima/kusanya.sh > /tmp/kusanya.log 2>&1 < /dev/null &

Hapo SSH inarudi papo hapo, na kwa amri nyingine unasoma /tmp/kusanya.log. Wacha wait until completion? ibaki TRUE, ukiiweka FALSE hupati matokeo wala return code.

Usiiweke amri hii kwenye mzunguko wa kila milisekunde 100. Kihisi chenyewe huchukua hadi milisekunde 750 kupima kwa biti 12, na kila mwito wa SSH hufungua muunganisho mpya. Iache Pi ipime na kuandika kwenye faili, LabVIEW ije kuchukua mistari mipya mara moja kwa dakika kwa tail, amri inayosoma mwisho wa faili.