Medicare Pekee Haitoshi: Bima ya Ziada kwa Wastaafu Wetu Marekani

Medicare ni bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi. Ukishafanya kazi Marekani kwa miaka 10 ukikatwa kodi ya Medicare, ukitimiza miaka 65 unapata Sehemu A, ile ya kulazwa hospitali, bila ada ya kila mwezi. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, unailipia; mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa walio wengi. Wazee wetu wengi huishia hapo wakidhani wameshakingwa.

Bado. Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama ambazo Medicare imezikubali. Asilimia 20 ni juu yako, na haina kikomo. Chukua dawa za saratani unazochomwa au kutundikiwa kliniki: bili iliyokubaliwa ikifika dola 50,000, wewe unadaiwa kama 10,000. Mwaka ukigeuka na matibabu yanaendelea, deni nalo linaendelea. Ndipo harambee inapoanzishwa kwenye WhatsApp, na huniuma kwa sababu mara nyingi ingeepukika.

Pengo hilo huzibwa na Medigap, yaani bima ya ziada ya kujazia Medicare. Inauzwa na kampuni binafsi, lakini mafungu yake yamepangwa kisheria kwa herufi. Fungu G la kampuni hii hulipia yaleyale ya Fungu G la kampuni ile, isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, ambako mpangilio ni tofauti. Kwa hiyo linganisha bei, na pia uliza ada hupandaje kadiri umri unavyosonga. G inakuachia kile kiasi cha kwanza cha mwaka cha Sehemu B, dola 257 kwa 2025, kisha hulipa ile asilimia 20. Dawa za kununua famasi hazimo. Hizo ni za Sehemu D. Na mume na mke kila mmoja hukata yake.

Sasa shika hili kuliko yote: una miezi 6 tu ya kukata Medigap, kuanzia mwezi ambao umeshatimiza 65 na uko kwenye Sehemu B. Ndani ya muda huo kampuni hairuhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari, presha au figo. Ukipita, katika majimbo mengi wanaweza kukuhoji kuhusu afya yako na kukufungia mlango. Kama bado uko kazini na bima ya mwajiri ukaahirisha Sehemu B, miezi hiyo huhesabiwa tangu Sehemu B itakapoanza.

Ukichagua Medicare Advantage, yaani mpango wa kampuni binafsi unaokupa huduma za Sehemu A na B badala ya Medicare ya kawaida, Medigap huwezi kuitumia pamoja nayo. Amua kabla ya kusaini.

Kwa anayependa kwenda nyumbani: isipokuwa katika hali chache sana, Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Mafungu C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura baada ya wewe kutoa dola 250, mradi dharura itokee ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, na kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yako yote. Ukipanga kukaa miezi mitano, kata bima ya safari kwa muda unaobaki.

Kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango wa kusaidia watu kuelewa bima za Medicare, ambao hawatozi chochote. Piga namba ya Medicare, 1-800-633-4227, omba mkalimani, uelekezwe kwa wa jimbo lako kabla wakala wa bima hajakutembelea.