Jinsi ya kuomba kibali cha kuingiza Tanzania sampuli za madini adimu yenye mionzi

Uwe unatoa sampuli za monazaiti (jiwe lenye madini adimu na thoriamu, metali yenye mionzi) Kangankunde kule Malawi au Mlima Mrima wa Kwale, Kenya, wa kumwomba idhini ya mionzi ni mmoja: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kuingiza wala kumiliki kitu chenye mionzi bila leseni. Udogo wa mfuko si hoja. Hoja ni mionzi iliyomo.

Kabla ya kugusa fomu, pima. Mwambie anayekutumia apeleke sehemu ya sampuli maabara, upate cheti kinachotaja kiasi cha thoriamu na urani. Cheti chenye seriamu na neodimiamu, yaani madini adimu yenyewe, peke yake kinamfaa mnunuzi, hakimsaidii mkaguzi wa mionzi. Gramu moja ya thoriamu asilia ina takriban bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 4,060, kwa hiyo mwamba wenye gramu 250 tu za thoriamu kwa tani umeshafika bekereli 1 kwa gramu, kiwango ambacho Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hukitumia kama mwanzo wa udhibiti. Monazaiti yenye thoriamu asilimia 5 inafika kama bekereli 200 kwa gramu. Lakini monazaiti hazilingani: ile ya Kangankunde inajulikana kwa thoriamu kidogo mno. Ndiyo maana jina la madini halitoshi. Na kipimo kikiwa chini, usijihukumie mwenyewe. Wapelekee Tume cheti, waamue wao kwa maandishi.

Hatua ya pili ni leseni ya kumiliki, na itangulie kibali cha kuingiza. Hapa usifanye haraka. Eleza chumba utakachotunzia sampuli, kufuli lake, nani anashika ufunguo, nani ni msimamizi wa usalama wa mionzi na amesomea wapi, na kipimamionzi chenu kilihakikiwa lini. Eleza hasa vumbi. Jiwe zima likikaa kwenye kopo lililofungwa halina hatari kubwa. Hatari inakuja mnapolisaga, vumbi la thoriamu likaingia mapafuni. Sema mtasagia wapi, hewa inavutwa na nini, vijana wa maabara watavaa nini puani. Hao ndio wanaolindwa na karatasi hizi zote, kwa hiyo andika mtakachokifanya kweli.

Kisha omba kibali chenyewe. Ambatisha cheti cha maabara, usajili wa taasisi, barua ya sababu, uzito na idadi ya vifurushi, jina la mtumaji, mpaka mtakaopitia (kwa Malawi, Kasumulu), na mpango wa mabaki baada ya uchunguzi. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, tunza risiti. Upande wa madini nao una vibali vyake: mtumaji awe na kibali cha kutoa sampuli kwao, nawe waulize Tume ya Madini.

Mzigo usiondoke kabla kibali hakijatoka. Kanuni za kimataifa za usafirishaji huuacha nje mwamba asilia usiozidi bekereli 10 kwa gramu. Ukizidi hapo, unafungwa na kuandikwa kama mzigo wa mionzi. Kifurushi cha kiasi kidogo hubeba namba UN 2910 (namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hatari), na mionzi juu ya ganda lake isizidi mikrosiviti 5 kwa saa, yaani kipimo cha mionzi inayompata mtu. Usiuweke kwenye begi la abiria.

Mpakani, wakala wako wa forodha awe na kibali halisi mkononi pamoja na cheti cha kipimo. Ukifika maabara, pima tena, andika kwenye daftari, funga chumba.

Kurudisha mabaki Malawi ni ombi jingine, la kibali cha kutoa nje. Lipeleke kabla hujayafungasha.