Mtini wa nchi za baridi kwenye ndoo ya rangi, hapahapa Dar

Tuanze na hili maana ndo linawachanganya wengi. Ukitafuta mambo ya miche ya tini kwenye simu utakutana na majina kama Chicago Hardy, Brown Turkey, Celeste, na wazungu wanausifia mti kwamba unahimili baridi, sasa wewe uko Tabata saa nne usiku, umeme umekatika, jasho linakutiririka mgongoni, unajiuliza baridi ya nini mimi? Usiku wa baridi kabisa hapa mjini, mwezi wa saba hivi, ni nyuzi 18 au 19, mtu anavaa sweta kwa mapozi tu.

Mi pia nilidhani haituhusu, mpaka nilipoelewa huo ugumu wa mti unafanyaje kazi. Kule Chicago baridi inashuka chini ya sifuri kwa mbali, mti unapukutisha majani yote, unalala, na mwaka mbaya matawi yanakufa mpaka usawa wa ardhi, inabaki mizizi tu. Waitaliano waliohamia New York walikua wanauinamisha mti mzima na kuufukia kwenye shimo kama maiti, afu joto likirudi wanaufukua. Sasa Chicago Hardy hata ukifa juu wote unachipua toka chini, na yale machipukizi mapya yanazaa mwaka huohuo. Kuna mitini mingine inategemea sana tawi la mwaka jana, likifa basi umekula hasara.

Umeipata hiyo? Mti unaozaa kwenye tawi jipya ni mti unaoweza kuukata unavyotaka. Dar baridi hatuna ila mkasi tunao, kwa hiyo mkasi ndo baridi yetu. Unaukata vizuri, unaanza upya, unazaa, tena unaamua mwenyewe uzae mwezi gani.

Kabla hujanunua chochote, kuna aina za tini, zile za Smyrna, tunda lake lazima aingie kinyigu kidogo mno cha mtini dume kulichavusha, bila hicho vitini vinadondoka vikiwa saizi ya gololi. Achana nazo kabisa. Hizo tatu nilizotaja hapo juu zinazaa zenyewe bila mdudu wala mti mwenza. Kwa pwani yetu mi naipenda Celeste kwa sababu ile tundu ya chini ya tunda inafunga vizuri, mvua na wadudu hawaingii kirahisi, wakati Brown Turkey tundu lake linaachama kidogo na likinyeshewa likikaribia kuiva linachacha humohumo ndani. Ila Celeste haipendi kukatwa sana, Chicago Hardy ndo mvumilivu wa mkasi. Ukiwa na nafasi ya ndoo mbili panda zote.

Miche ipo kwenye vitalu vya barabarani, ukishuka barabara ya Bagamoyo utaona watu wamepanga maua na miche ya matunda, uliza kama wana tini. Ila fungua macho. Mche wangu wa kwanza niliuziwa na jamaa anaapa kabisa "huu mtini huu bosi, mwaka mmoja tu unakula", nikautunza miezi minane, kumbe ni fikasi ya kupambia ukumbi, ile yenye majani madogo yanayong'aa. Nilirudi kumuuliza nikakuta kahamisha kitalu. Jani la mtini ni pana, mara nyingi limegawanyika kama vidole vitatu au vitano, na ukilipitisha kidole juu linakwaruza kama msasa laini. Utomvu mweupe peke yake sio ushahidi, mfenesi unao, mpapai unao, na hiyo fikasi yangu ilikua nao mwingi tu. Na kama una ndugu nje anataka kukuletea vipande vya matawi kwenye begi, mwambie atulie, kuingiza mmea kunahitaji kibali cha TPHPA, yaani mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mmea kutoka huko anakotoka, na sio urasimu wa bure, magonjwa ndo yanavyosafiri hivo.

Njia rahisi kuliko zote ni kuomba tawi kwa mtu mwenye mti unaozaa, maana hapo umeshaona na tunda lake. Mtini unaota kwa pingili kama muhogo tu, ila una adabu zake. Chagua tawi lililokomaa, limeshaanza rangi ya kahawia, unene wa penseli mpaka kidole gumba, kata urefu wa shubiri moja lenye macho matatu au manne. Upande wa chini kata karibu kabisa na jicho. Ule utomvu mweupe utatoka, uache ukauke kivulini masaa kadhaa ndo upande. Mi natumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, nakata shingo, natoboa chini, najaza mchanga nusu na vumbi la makumbi ya nazi nusu. Makumbi yaoshe kwanza kwa maji mengi, hasa kama yametoka kwa watu wa kamba wanaoyaloweka baharini, yana chumvi balaa. Chomeka pingili mpaka libaki jicho moja juu, afu funika na ile chupa kubwa ya lita sita iliyokatwa kitako, maana mifuko ya rambo tangu ipigwe marufuku 2019 hatuna tena. Chupa ya ndani izungushie gazeti, mizizi haipendi mwanga, ukitaka kuchungulia unafunua.

Hapa ndo watu wengi wanapoua. Baada ya wiki mbili tatu jani linachomoza, mtu anafurahi, anamwaga maji, anautoa juani. Jamani lile jani linakula akiba iliyokua kwenye kijiti, chini bado hakuna mzizi hata mmoja. Subiri mpaka uone mizizi myeupe inatambaa kwenye ukuta wa chupa, inaweza kua wiki ya nne, inaweza kua ya nane, na muda wote huo mchanga uwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa, sio zaidi. Kikioza kinanuka na kinakua laini chini, tupa anza kingine. Ndo maana unaotesha vitano ili upate viwili.

Sasa udongo, na hapa naomba unisikilize hata kama una eneo kubwa kule Kigamboni. Usipande mtini moja kwa moja kwenye mchanga wetu. Udongo wa pwani ni mchanga na umejaa minyoo fundo, vidudu huwezi kuviona kwa macho, vinaingia kwenye mizizi na kuivimbisha vifundo vifundo kama shanga, na mtini ni chakula chao kitamu. Mti unadumaa, majani yananyauka mchana hata kama umemwagilia asubuhi, unadhani njaa unaongeza mbolea, hakuna kitu. Mwaka wa pili niling'oa mmoja wa hivyo, nikakung'uta mchanga, mizizi ilikua kama mtu kaifunga mafundo makusudi. Ukishafika hapo hauponi.

Dawa ni kutumia chombo. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha miaka miwili ya kwanza, baadae hamia nusu pipa. Toboa matundu sita saba kwa msumari wa moto, chini na pembeni kidogo karibu na kitako. Udongo wangu ni makarai mawili ya udongo mweusi, moja la samadi ya ng'ombe iliyoiva kabisa, moja la pumba za mpunga zilizochanganywa na makumbi, na viganja viwili vya majivu ya mkaa maana mtini haupendi udongo mchachu. Kama udongo umeuchota uani, utandaze kwanza juu ya saruji, ulowanishe, funika na nailoni angavu, bana kingo kwa mawe, acha jua la Januari na Februari liuoke wiki nne mpaka sita. Afu, hii wengi hawaijui, ndoo ipandishe juu ya matofali. Ukiiweka chini mizizi inatokea kwenye matundu inaingia mchangani na minyoo inapanda kwa njia hiyohiyo, kazi yote bure.

Jua uupe lote ulilonalo, masaa sita kwenda juu, ukuta wa magharibi unaounguza sisi wote mtini unaupenda. Maji chomeka kidole, kama kumekauka mpaka kifundo cha kwanza mwagilia mpaka yatoke chini, kipindi cha kaskazi mwezi wa kwanza na wa pili ndoo inaweza kuomba kila siku. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo unavumilia, ila mara mojamoja upe maji mengi yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, kuisafisha ndoo. Mbolea, kijiko cha chai cha NPK kila mwezi wakati unakua basi. Jirani yangu alimwaga yuria kwa kushindana na mimi, mti ukatoa majani mapana mtu anaweza kujikinga mvua, tini sifuri.

Haya, mkasi. Ratiba yangu ni mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei, mvua za masika zikianza kulegea, siku isiyo na mvua. Mti wa Chicago Hardy ukiwa na umri wa mwaka nakata matawi yote yabaki na macho mawili matatu tu toka kwenye shina, unabaki kigutu cha kutisha, mama watoto aliniuliza kama nimegombana nao. Machipukizi yakitoka acha manne mpaka sita yaliyokaa mbalimbali, mengine yang'oe. Kila chipukizi likifikisha majani matano au sita libane ncha kwa kucha, lisirefuke, ndipo tini zinapoanza kuchomoza kwenye kwapa la kila jani, vidogo kama punje ya pilipili manga. Kwa hesabu hiyo kwangu zinaiva kuanzia mwezi wa nane mwishoni mpaka wa tisa, kukavu, kabla vuli haijaanza, na huo ndo ujanja wote wenyewe. Tini zikiivia kwenye mvua zinapasuka, zinachacha, utakua unafuga nzi.

Vaa glavu na mikono mirefu wakati wa kukata. Ule utomvu ukikushika afu ukapigwa na jua, kesho yake una malengelenge kama umemwagikiwa uji wa moto, na alama nyeusi inakaa miezi. Mi ninayo hapa kwenye kifundo cha mkono, ya mwaka juzi. Tawi likiwa usawa wa macho, sogea pembeni kwanza ndo ukate, utomvu usikurukie machoni.

Ugonjwa utakaouona Dar ni kutu ya majani, madoa ya njano juu, ukigeuza jani chini kuna unga wa rangi ya chungwa, unakuja na unyevu wa masika na vuli. Usimwagilie majani, mwagilia udongo. Majani yaliyougua yachume na yaliyodondoka yaokote uyachome, usiyaweke kwenye mbolea. Ikizidi piga dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) mapema ila sio wakati tunda linakaribia kuiva.

Kunguru sina haja ya kuwatambulisha. Tunda likianza kubadilika rangi wanajua kabla yako, na popo wanamalizia usiku. Mi nachana neti chakavu ya mbu vipande vya kiganja, nafunga kila tunda kama zawadi, kazi ya jioni moja na watoto wanaipenda. Sisimizi wazuie kwa kupaka grisi kwenye matofali, sio kwenye shina.

Kuchuma kunataka subira kwa sababu tini ikichumwa mbichi haiivii ndani, itanywea tu. Ikiwa bado inasimama imejishika, iache. Ikiiva shingo inalegea, tunda linainama kabisa kama mtoto aliyelala kwenye daladala, ngozi inakua na michirizi myembamba, na kwenye tundu la chini unaweza kuona tone moja la asali linang'aa. Liinue taratibu, linaachia lenyewe. Likitoa maziwa pale lilipokatikia umewahi, kesho ungelipata tamu. Kwenye friji siku mbili tatu basi, ndo maana sokoni mnaziona zile kavu tu kipindi cha Ramadhani, mbichi haisubiri gari.

Matawi ya ile Aprili usitupe, ndo mbegu. Mwaka huu pingili nne nimempelekea dada yangu aliyeolewa Njombe. Akanipigia, namwamkia tu shikamoo dada, hata hajaitikia sawasawa, "we mdogo wangu, baridi ya huku inababua mpaka majani ya viazi, huu mti wako wa Dar utapona kweli?" Nikamwambia dada, huo mti kwenu ndo unaenda nyumbani, mwaka wa kwanza tu mwezi wa sita na wa saba uingize ndoo barazani usiku, ukishakomaa shina uuache nje, ukipukutika majani usilie na usimwage maji, umelala tu. Kumbe keshaufunika na blanketi la wageni.